Rangi nyekundu ya kaburini na kopo la krimu chumbani

Mwaka 1994 wanaakiolojia waliokuwa wakifanya kazi katika mji wa kale wa Palenque, kusini mwa Mexico, waligundua chumba kilichofichwa ndani ya hekalu lililo jirani na piramidi alimozikwa Mfalme Pakal. Chumbani mlikuwa na jeneza la jiwe. Kifuniko kilipoondolewa, walimwona mwanamke mtu mzima aliyezikwa na vito vingi vya thamani. Mifupa yake, vito vyake na sehemu ya ndani ya jeneza vilikuwa vimefunikwa kwa unga mwekundu.

Hadi leo anaitwa Malkia Mwekundu. Wataalamu wengi wanaamini alikuwa Tz'akbu Ajaw, mke wa Pakal, mfalme aliyetawala Palenque kuanzia mwaka 615 hadi 683.

Mzazi anaweza kujiuliza kaburi la Wamaya linahusiana nini na afya ya mtoto wake. Jibu liko kwenye ule unga. Ulikuwa na zebaki, na zebaki bado inaingia katika nyumba zetu, safari hii ikiwa ndani ya makopo ya krimu.

Wekundu wa aina mbili

Wamaya walitumia rangi nyekundu za aina mbili kubwa kwa wafu wao. Ya kwanza ni oksidi ya chuma, ndugu wa kutu tunayoiona kwenye mabati na udongo mwekundu. Ya pili ni sinaba, madini yaliyoungana kwa zebaki na salfa. Ukiziweka unga wa rangi hizo mbili pamoja, si rahisi kuzitofautisha kwa macho.

Ndiyo maana wanasayansi hutumia mashine. Moja huelekeza mionzi ya eksrei kwenye chembe ya rangi, na kila elementi hurudisha mionzi yenye alama yake. Chuma kina alama yake, zebaki ina yake. Mashine nyingine husoma jinsi fuwele za madini zilivyopangwa, na nyingine hutumia mwanga wa leza. Kipimo cha kwanza kinaonyesha kuna zebaki, cha pili kinaonyesha zebaki hiyo iko katika umbo gani.

Kwa Wamaya, nyekundu ilikuwa rangi ya mashariki, upande jua linakochomoza. Ilikuwa pia rangi ya damu na uhai. Kumfunika marehemu kwa rangi hiyo kulikuwa namna ya kusema kwamba safari yake haijaisha. Oksidi ya chuma ilipatikana kwa urahisi zaidi. Sinaba haikupatikana katika nyanda za chini zenye mawe ya chokaa, hivyo ililetwa kwa biashara kutoka mbali, na ndiyo sababu huonekana sana katika makaburi ya wakubwa.

Wasomaji wa Pwani wanalijua neno zingefuri, rangi nyekundu inayotoka kwenye mbegu za mti wa mzingefuri. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na huko liliitaja sinaba yenyewe. Mti nao asili yake ni Amerika ya kitropiki, bara la hao hao Wamaya. Jina moja, rangi zinazokaribiana, lakini moja ni ya mmea na hutiwa hata kwenye chakula, nyingine ina zebaki.

Zebaki haiozi

Sinaba ikikaa imetulia haiyeyuki kwa urahisi kwenye maji, wala haipenyi mwilini haraka kama aina nyingine za zebaki. Hatari huongezeka sana ikichomwa, kwa sababu moto huitoa zebaki ikawa mvuke, na mvuke huvutwa na mapafu.

Hata hivyo, mazingira ya Wamaya hayakubaki salama. Mwaka 2020 watafiti walieleza kwamba mabwawa ya maji katikati ya mji wa Tikal, nchini Guatemala, yalikuwa yamechafuliwa na zebaki. Maelezo yao ni kwamba mvua iliosha rangi zilizopakwa kwenye majengo na kuipeleka bwawani. Mwaka 2022 wengine walikusanya vipimo vya udongo kutoka miji kadhaa ya Wamaya. Kiwango cha juu, miligramu 17.16 kwa kila kilo ya udongo, kilitoka Tikal. Waliotaka kupima madhara walitumia miligramu 1 kama mpaka wa tahadhari.

Mji huo uliachwa na wakazi wake zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Zebaki iko palepale. Ni elementi, haiozi wala haiishi nguvu kwa kukaa. Huhama tu, kutoka ukutani kwenda majini, au kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye shuka.

Kutoka ngozi ya mama hadi kwa mtoto

Baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha ngozi huwekwa zebaki kwa sababu inazuia ngozi kutengeneza melanini, yaani rangi yake ya asili. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zebaki hiyo inaweza kuharibu figo, kuleta vipele na kuacha mabaka kwenye ngozi. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, unazitaka nchi wanachama kuachana na vipodozi hivyo. Bado vinauzwa, vingine bila lebo ya kueleweka.

Mtoto hahitaji kupakwa ili imfikie. Analala kwenye mto wa mama, anafutwa kwa taulo lilelile, anabebwa kifuani na kuvuta hewa ya chumba hicho. Mtoto aliye tumboni naye hufikiwa kupitia damu ya mama, wakati ubongo wake ndio kwanza unajengwa.

Mambo ya kufanya

Soma lebo. Maneno kama mercury, mercurio, mercuric, calomel au herufi Hg yanamaanisha zebaki. Onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha au alumini nalo ni dalili, kwa kuwa zebaki huharibu metali hizo. Krimu isiyo na orodha ya viambato usiinunue.

Ukishuku uliyo nayo, acha kuitumia, ifunge kwenye mfuko na uende nayo kituo cha afya. Usiitupe jalalani ambako watoto wanachezea, na kamwe usiichome. Fua shuka na taulo zilizogusana nayo, kando na nguo za mtoto.

Mweleze mhudumu ukweli, hata kama krimu uliificha mwenzako asiione. Daktari anaweza kuagiza kipimo cha mkojo kwako na kwa mtoto, lakini hawezi kukiagiza kama hajui kuna krimu. Kama unanyonyesha, usimwachishe mtoto kwa hofu. Uliza kwanza.

Na kwa familia za wachimbaji wadogo wa dhahabu, kanuni ni ileile: zebaki isihifadhiwe ndani, na dhahabu isichomwe jikoni wala uani watoto wanapokaa. Mvuke wake hauonekani na hauna harufu, kwa hiyo mtoto hawezi kuukimbia mwenyewe.