Wanachuoni na Nyimbo za Taarab

Iko desturi katika vyuo vyetu iliyokwisha kuota mizizi, nami naona wakati umewadia wa kuipinga waziwazi. Mwanafunzi atakaye kuchunguza taarab huambiwa anakili maneno ya nyimbo, ahesabu mizani, atenge vina, ataje tamathali, kisha atunukiwe shahada. Sauti haimo. Fidla haimo, wala ganuni, wala watu waliokuwa ukumbini. Kazi hiyo huitwa uchambuzi wa taarab. Mimi naiita uchambuzi wa karatasi.

Yeyote aliyepata kuhudhuria taarab Unguja, Tanga au Mombasa ajua mambo yanayopita wakati wa kutunza. Mwanamke ameketi kimya. Mwimbaji afikapo ubeti fulani, huyo huinuka, akaenda kwa madaha hata mbele ya wapigaji, noti ameiinua juu, na pengine akapita makusudi karibu na kiti cha mtu fulani. Mtunzi hakumfikiria mwanamke huyo hata kidogo, na huenda mwimbaji hamjui. Lakini tangu hapo ubeti ni wake. Umekuwa jibu lake kwa hasimu wake, na ukumbi mzima umeelewa, wala hapana awezaye kumshitaki kwa matusi, maana yeye hakutamka neno. Maana ya wimbo usiku ule ilikuwa katika ile noti na ile njia aliyoipita. Kesho yake mchambuzi huja na daftari, akaandika kuwa ubeti ni wa mapenzi na kila mshororo una mizani 16! Ametuambia nini?

Wako wanaosema kuwa nyimbo za starehe hazina uzito wa kustahili chuo. Hoja hii haihitaji jibu refu. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, alitiwa sauti yake katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928, akiimba kwa Kiswahili. Wimbo wake wa Kijiti wasimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, na jinsi sheria ilivyowaangukia mashahidi badala ya muuaji. Atakaye kujua wanyonge wa Unguja waliionaje mahakama ya wakoloni atapata wapi ushahidi ulio bora? Shaaban Robert aliliona jambo hili mapema: wasifu wake wa Siti ulichapishwa mwaka 1958, kabla Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakijafungua milango.

Hoja ya pili ni ya hatari zaidi, kwa sababu husemwa kwa upole. Sisi, husema, ni watu wa lugha; ngoma tuwaachie wanamuziki, na redio tuwaachie wanahabari. Lakini hiyo lugha yenyewe ilipita mlango gani? Kwa miaka mingi, hata ilipofika miaka ya 1990, Tanzania Bara haikuwa na redio ila ya serikali, na bendi zilirekodiwa katika studio zake. Maneno ya nyimbo yalipitiwa na kamati kwanza. Mtunzi aliyeijua kamati hiyo alijifunza kufumba, na baadhi ya mafumbo tuyasifuyo leo kuwa ni kipaji kitupu yalizaliwa mlangoni pale. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, nayo ikabadili, ikawa JUWATA, kisha OTTU. Sijui ni tamathali gani itakayoeleza hayo.

Wapigaji wa enzi hizo wanazidi kupungua, na kila anayekwenda bila kuulizwa huenda na elimu ambayo hakuna daftari litakaloirudisha. Kwa hiyo nataka idara zetu za Kiswahili zikatae tasnifu yoyote ya taarab au dansi isiyoambatana na sauti iliyorekodiwa, na mtahini aisikilize hata mwisho kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.