Kadi ya mtandao ndiyo ishukiwe mwisho

Makala nzuri mwandishi, ila hapo kwenye "makosa yakizidi badilisha kadi" umeruka hatua. Ofisini kwetu tulikuwa na seva ya Linux, ping inajibu safi kabisa, lakini ukinakili faili kubwa inajikokota kama mkokoteni wa maji mlimani. Kadi ikabadilishwa, hali ikabaki vilevile. Kumbe kwenye swichi kuna fundi alilazimisha Mbps 100 ful-dupleksi, huku seva imeachwa ijipangie yenyewe. Ikikosa wa kuelewana naye, seva hutambua kasi tu, dupleksi inaangukia hafu. Dalili zake: upande wa seva unaona migongano ya kuchelewa, upande wa swichi unaona makosa ya CRC. Tukarudisha pande zote mbili kwenye auto, mchezo ukaisha.

Na ndugu yangu hapo juu unayesema dropped na errors ni kitu kimoja, hapana. CRC ikipanda kwenye ethtool -S, kagua kebo, viunganishi na mpangilio wa swichi. Dropped ikipanda peke yake, usiisumbue kebo: huenda bafa ya kupokelea inajaa (ukubwa wake utauona kwa ethtool -g), au ni pakiti za itifaki ambazo kerneli haizijui, maana Linux huzihesabu humo humo. Wa FreeBSD tumieni netstat -i, mtazame safu ya Ierrs. Halafu msisome namba mara moja tu. Isome, pitisha mzigo kidogo, isome tena. Kama haijasogea, hayo ni makosa ya zamani, achana nayo.