Bei ya Bunduki na Thamani Yake

Mwanafunzi wangu mmoja, mwenyeji wa kijiji kilicho kando ya hifadhi ya Shimba Hills, alinijia juzi na swali ambalo sikulitarajia katika darasa la isimu. "Mwalimu," akaniuliza, "bunduki ya kuwindia ya bei nafuu yastahili fedha zake?" Baba yake amechoshwa na nguruwe-mwitu, nyani na ndovu wanaovuna mahindi kabla ya mwenye shamba, na mtu amemnong'oneza kwamba silaha rahisi itaukomesha udhia huo.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Bei na thamani yote ni maneno yenye asili ya Kiarabu, lakini kwetu sisi yameachana: bei ni kinachotoka mfukoni, thamani ni kinachobaki mkononi. Basi tuvipime vyote viwili.

Tuseme haki kwanza. Bunduki nyingi za bei nafuu zinazoundwa Marekani siku hizi hupiga shabaha barabara. Unafuu hutokana na kitako cha plastiki badala ya mbao, na chuma kisichong'arishwa sana. Mtutu wenyewe mara nyingi ni mzuri. Mwindaji wa huko mwenye kibali, anayetafuta paa mmoja kwa mwaka, hana sababu ya kulipa maradufu.

Lakini Kwale si Marekani. Kenya ilipiga uwindaji marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikuufungulia mlango. Kumiliki bunduki bila cheti ni kosa la jinai. Zaidi ya hayo, risasi inayomtosha paa haimtoshi ndovu. Humjeruhi tu, na ndovu mwenye jeraha ni hatari kwa kijiji kizima. Kwa hiyo kwenye bei ya dukani ongeza wakili, faini, kifungo na pengine sanda. Hapo ndipo cha rahisi kinapokuwa ghali.

Hata hivyo, ningekuwa mnafiki kama ningeishia kumkanya mkulima. Sheria hiyohiyo ya mwaka 2013 iliahidi fidia: shilingi milioni 5 kwa jamaa ya aliyeuawa na mnyama, na malipo kwa mazao yaliyoharibiwa. Wengi wamengoja miaka bila kuona senti. Mtu aliyelipwa haki yake hatafuti bunduki. Huitafuti yule aliyeachwa peke yake gizani na debe la kupiga kelele.

Walimu wenzangu wa Kwale na Msambweni wanalijua hili kuliko mimi. Mtoto anayelinda shamba dhidi ya nyani mchana hayuko darasani, na yule aliyekesha kwa sababu ya ndovu husinzia juu ya daftari. Hasara hiyo haimo katika fomu yoyote ya fidia.

Nilimjibu mwanafunzi wangu hivi: bunduki ile ina bei, lakini kwa baba yako haina thamani. Chenye thamani ni ua wa umeme unaotunzwa, mizinga ya nyuki kama ile iliyojaribiwa Sagalla kule Taita kuwazuia ndovu, na fidia inayofika kabla ya msimu mwingine wa kupanda. Serikali ikiona hayo ni ghali, na ijiulize bei ya mkulima aliyekata tamaa.