Mkono Ushike, Dozi Isikatwe: Barua kwa Wenye Wagonjwa Nyumbani

Baba zangu, mama zangu, ndugu na majirani wa Tanga, na kila mwenye mgonjwa ndani ya nyumba,

Nawaandikia kutoka kaskazini mwa Uingereza. Dhumuni la barua hii ni kujibu swali ambalo limenifikia kutoka kwa watu wengi, wa Tanga mjini, wa Muheza na wa Dar es Salaam: je, ni kweli kwamba hospitali za Ulaya zinatibu saratani kwa nguvu za kiroho zinazopitishwa mikononi? Na kama ni kweli, kuna ubaya gani mgonjwa wetu naye akipelekwa kwa mtu anayejitangaza kuwa na nguvu hizo?

Ninafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa katika hospisi, mahali wanapotunzwa watu ambao maradhi yao hayatarajiwi kupona. Kwa hiyo nitawaambia ninachokiona kazini, na nitawaambia pia yale yaliyopimwa na wataalamu. Sehemu ya habari mliyoisikia ni kweli. Sehemu iliyobaki inaweza kuua.

Ni kweli kwamba hospisi nyingi za huku, na baadhi ya hospitali, zina watu wanaokuja kuwawekea wagonjwa mikono. Tiba inayojulikana zaidi ni reiki, iliyotoka Japani. Mwanzilishi wake, Mikao Usui, alisema aliipata nguvu hiyo mwaka 1922 baada ya kufunga na kutafakari katika Mlima Kurama, karibu na Kyoto. Baada yake, mwanamke wa Hawaii aitwaye Hawayo Takata alijifunza Japani miaka ya 1930, akairudisha kwao, na kutoka hapo ikaenea Marekani hadi Ulaya. Wanaoifanya wanaamini kwamba kuna nguvu ya uhai inayopita mikononi mwao na kuingia kwa mgonjwa.

Hivi ndivyo inavyofanyika. Mhudumu ananawa mikono, anajitambulisha, kisha anamwomba mgonjwa ruhusa. Sisi tunasema mgonjwa haulizwi uji, lakini huku mgonjwa huulizwa kila kitu, na akikataa yameisha. Akikubali, hulala na nguo zake zote. Mhudumu huweka mikono kichwani, mabegani, tumboni na miguuni, au huiacha juu kidogo bila kumgusa. Chumba kinakuwa kimya kwa nusu saa au zaidi. Mhudumu hatoi dawa ya kunywa, hasemi ugonjwa umetoka wapi, hamtaji jirani wala mke mwenza, hadai mbuzi. Madaktari wanajua kwamba yupo. Akiondoka, muuguzi anaingia na morfini kwa saa ileile iliyopangwa.

Na nimeona wagonjwa wakitulia. Nimeona aliyekunja ngumi tangu asubuhi akizifungua, na ambaye hakulala usiku kucha akipata usingizi. Sitawaficha hilo, kwa sababu mtu akiwaambia kwamba tiba hii haimfanyii mgonjwa chochote, mkaja kuona kwa macho yenu ametulia, hamtamsikiliza tena hata anapowaonya juu ya jambo la kweli.

Lakini utulivu huo unatoka wapi? Mwaka 1998 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio la binti aitwaye Emily Rosa, aliyelianza alipokuwa na umri wa miaka tisa. Aliwaita watu 21 waliodai kwamba mikono yao huhisi nguvu inayomzunguka mtu. Kila mmoja alipitisha mikono yake miwili nyuma ya kizuizi, naye Emily akaweka mkono wake juu ya mmojawapo. Walitakiwa kusema tu uko juu ya upi. Katika majaribio 280 walipatia mara 44 kwa kila 100. Anayebahatisha hupatia mara 50.

Mwaka 2011 wauguzi wa Marekani walichapisha utafiti mwingine, na huu ndio ninaotaka muukumbuke. Walichukua wagonjwa 189 waliokuwa wakipata dawa za saratani kwa mishipa. Kundi la kwanza lilihudumiwa kama kawaida. Kundi la pili lilifanyiwa reiki na mtu aliyefunzwa. Kundi la tatu lilifanyiwa reiki ya kuigiza, na mtu asiyefunzwa aliyeambiwa tu aweke mikono vilevile. Makundi mawili ya mwisho yote yalijisikia vizuri kuliko la kwanza. Aliyefunzwa na aliyeigiza walileta faraja ileile.

Ndugu zangu, hapo ndipo lilipo jibu langu. Kilichomfariji mgonjwa ni binadamu mwenzake aliyekaa naye, asiye na haraka, mikono yake ikiwa juu yake. Na hilo halihitaji cheti kutoka Japani wala mtu wa kulipwa. Mama anayemkanda mwanawe miguu kwa mafuta ya nazi analo. Kijana anayemshika babu yake mkono mpaka adhana ya alfajiri analo. Wanawake wanaokuja na mkeka wao kumkalia mgonjwa wanalo. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's hapa Uingereza mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa yako mwilini, moyoni, katika mambo ya jamaa zake na rohoni, yote kwa pamoja. Dawa inagusa mwili. Hayo mengine yanahitaji watu, na watu nyumbani bado tunao. Huku ninahudumia wazee wanaowekewa mikono na mgeni kwa sababu hakuna wa kwao anayekuja.

Kwa hiyo sina ugomvi na dua. Msomeeni mgonjwa Kurani, apewe kombe akilitaka, mchungaji amwekee mikono na kuomba. Mimi mwenyewe huwaombea wagonjwa wangu. Ninachowaomba ni kimoja tu: jambo hilo likae pembeni ya dawa, lisikae mahali pa dawa.

Nasema hivi kwa sababu hata kwenye hospitali nzuri watu wanakufa kwa kuvuka mpaka huo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwafuatilia wagonjwa 1,290 wa saratani ya matiti, tezi dume, mapafu na utumbo. Kati yao 258 walichanganya matibabu ya hospitali na tiba nyingine za pembeni. Hatari ya kufa kwao ilikuwa kama mara mbili ya wenzao. Si kwamba tiba za pembeni ziliwaua. Katika kila 100 wa kundi hilo, 34 walikataa dawa za saratani walizoandikiwa, wakati katika kundi la hospitali pekee waliozikataa walikuwa 3. Walianza kwa kuongeza, wakaishia kupunguza.

Sisi Watanzania tunalijua jambo hili bila kuambiwa na Yale. Mnakumbuka mwaka 2011, kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alisema ameoteshwa na Mungu dawa, akaitoa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Hakuwa mtu wa tamaa, na bei ile inashuhudia. Hata hivyo magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wapo waliotolewa vitandani hospitalini wakafia njiani, na wapo waliokunywa kikombe wakaacha ARV. Nia njema ya anayetibu haimlindi mgonjwa aliyekatiza dozi.

Na wengine nia hata si njema. Hapa Uingereza ipo sheria ya mwaka 1939 inayokataza kuitangazia jamii kwamba unatibu saratani. Huko kwetu tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo baraza la kuwasajili waganga, lakini kwenye nguzo za umeme bado kuna mabango ya kutibu saratani, kisukari, nguvu za kiume na mapenzi, yote kwa namba moja ya simu.

Mkimleta mtu wa kumwombea au kumwekea mgonjwa mikono, mwulizeni haya mbele ya jamaa. Je, anakubali daktari ajue? Je, yuko tayari kutamka, mgonjwa akisikia, kwamba dawa za hospitali ziendelee? Je, ataacha kumtaja yeyote kuwa mchawi wa mgonjwa? Akisita kwenye moja, mpeni maji ya kunywa na mwagane naye kwa amani.

Mgonjwa akilia kwa maumivu usiku, msikimbilie kusema ni majini. Ulizeni hospitalini kuhusu morfini ya maji. Uganda, ambako Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, morfini hiyo hupewa mgonjwa bure, na tangu 2004 sheria inawaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kuiandika. Taasisi ya Saratani Ocean Road nayo huitoa. Msiogope kwamba mtu atakuwa teja kwa dozi anayopimiwa na mtaalamu. Mgonjwa ambaye maumivu yamepoa ndiye anayeweza kusali, kuwausia watoto na kusikia mnachomwambia.

Mwisho nawageukia wenzangu wa ughaibuni, maana fedha za waganga hawa mara nyingi zinatoka mifukoni mwetu. Tunapigiwa simu usiku, moyo unapasuka kwa umbali, tunatuma bila kuuliza. Tuulize. Tutume, lakini tuulize inakwenda wapi, na baada ya kutuma tupige simu tuzungumze na mgonjwa mwenyewe, si na msimamizi wake tu.

Wagonjwa wengi wa saratani kwetu hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Basi aliye na uvimbe titini, au anayetokwa damu isiyoeleweka, na anangoja siku aliyopangiwa na mganga, aende akapimwe wiki hii. Dua tutaendelea nayo akiwa njiani na akiwa kitandani. Msiniletee tena bili ya mwenye nguvu za mikono. Nileteeni nauli ya Ocean Road, nami nitaituma siku hiyohiyo.

Ni mimi mwenzenu,
niliye mbali kwa mwili tu.