Baa ya Mtaa Yasingiziwa

Imeenea miongoni mwa watu wetu wa mjini, na wengi wao ni watu wa heshima na elimu, itikadi ya kwamba baa ndogo ya mtaani, ile yenye viti vya plastiki vilivyofifia nembo ya kampuni ya bia, ukuta uliobabuka rangi na jiko la mishikaki kando ya mlango, ndiyo chimbuko la ulevi, uvivu na kuvunjika kwa nyumba. Na ya kwamba mtu mwenye staha, kama hana budi kunywa, basi na aende hoteli kubwa yenye taa za rangi, au anunue chupa yake akajifungie nayo nyumbani. Itikadi hii nimeisikia vikaoni, harusini, na hata vinywani mwa wanywaji wenyewe, nami naikataa, kwa kuwa inaielekeza lawama mahali pasipostahili na kuyaacha madhara yenyewe yapite bila ya kuulizwa.

Kwanza nimtoe katika mjadala huu mtu ambaye dini yake imeharimisha kileo. Huyo hoja yake imetimia, habagui baina ya baa na baa, wala sina la kumjibu ila taadhima. Ninayeshindana naye ni yule aihalalishaye bia ya ghali na kuiharimisha ya rahisi, akadhani kwamba bei ya kiti ndiyo ipimayo murua wa mtu aliyekikalia.

Na tutazame namna mtu anavyopokewa huko kunakodharauliwa. Mteja wa grosari ya Manzese au Temeke, jijini Dar es Salaam, hufika jioni na vumbi la kazi, akaketi pale aketipo siku zote, na mhudumu, ambaye aghalabu amekwisha kuijua bia yake, humuuliza jambo moja tu, kama aitaka ya baridi au ya moto, kwani wako wazee wengi ambao baridi hawaitaki. Kisha huileta chupa ingali na kizibo na kuifungua mbele ya macho yake, asije akaingiwa na shaka juu ya kilichomo. Nyama ikiiva, huja na jagi la maji, beseni na sabuni, akamnawisha pale pale alipoketi. Katika baa nyingi chupa tupu haziondolewi mezani mpaka hesabu ifungwe, ili mnywaji na mhudumu wawe na ushahidi mmoja. Aliyepungukiwa huandikwa daftarini, na daftari hilo lina maana kubwa kuliko deni lenyewe, kwa sababu hakopeshwi mtu asiyejulikana alalako. Katika hoteli kubwa nimehudumiwa upesi na kwa sare safi, walakini sijapata hata siku moja kuulizwa hali ya mtoto wangu aliyekuwa mgonjwa. Katika baa ya mtaani kwetu niliulizwa kabla sijavuta kiti.

Kujulikana huku ndiko kusikoonekana na wenye itikadi hiyo. Mnywaji wa baa ya mtaa yu mbele ya fundi aliyemjengea choo, mwalimu wa mwanawe, dereva wa bodaboda ampelekaye mkewe sokoni, na mwenye baa ambaye naye anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Akipayuka, kesho yake asubuhi mtaa mzima unazo habari. Akizidisha, mama mwenye baa humwambia, “Mzee wangu, leo inatosha, nenda kapumzike, mama watoto anakungoja,” naye hutii, kwa sababu maneno hayo yametoka kwa mtu atakayemhitaji siku ya msiba. Nimeona meza zilizokuwa zikibishana juu ya timu za Simba na Yanga zikanyamaza, kofia ikapitishwa, na rambirambi ya jirani aliyefariki ikachangwa hapo hapo, kila mtu akitoa alichokuwa amekikusudia kwa chupa ya mwisho. Ni nani atakayeniambia kwamba mahali pa namna hii ni adui wa nyumba?

Itikadi hii, fauka ya hayo, ina nasaba yake, na nasaba hiyo si njema. Mwaka 1908 watawala wa Natal, kusini mwa Afrika, waliipa miji, Durban ikiwa mbele, haki ya peke yao ya kupika na kuwauzia Waafrika bia, na katika miaka ya 1920 Nairobi ikaufuata utaratibu huo kwa kufungua ukumbi wa pombe wa manispaa katika Pumwani. Wanawake waliojipatia riziki kwa kupika pombe majumbani wakasakwa na kutozwa faini, ilhali faida ya ukumbi wa manispaa ikiwekwa katika mfuko wa huduma za Waafrika wenyewe, hata ikawa mtu hujilipia kwa kikombe chake kile ambacho serikali ilipaswa kumpa kwa kodi yake. Mzungu alikuwa na klabu yake, akinywa humo mpaka usiku wa manane bila ya kuitwa mlevi. Unywaji wa mtu mweusi ndio uliohesabiwa kuwa fitina ya mji. Sisi tulioirithi miji hiyo tumeirithi na dharau hiyo, tukabadilisha tu mahali pa kuielekeza.

Walakini ushahidi ulio mzito zaidi ni wa siku zetu. Tanzania ilisumbuliwa kwa miaka na viroba, pombe kali iliyotiwa katika vifuko vidogo vya plastiki, hata serikali ikavipiga marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017. Viroba havikuhitaji baa, wala glasi, wala mhudumu. Viliingia mfukoni mwa mwanafunzi na vikanyweka ndani ya gari, asubuhi, pasipo jicho la mtu. Madhara yale yaliyolipuka hadharani hayakutoka katika viti vya plastiki. Yalitoka katika kinywaji kilichokwisha kuachana kabisa na baa.

Kenya nayo ilipata funzo lililo chungu zaidi. Mwaka 2004 ilitolewa bia ya pipa iitwayo Senator Keg, ikapewa nafuu ya ushuru kwa kusudi la kuwavuta maskini kutoka katika pombe haramu, na bia hiyo, kwa kuwa hutolewa katika pipa, ililazimu mtu akae barazani pa baa na wenzake akainywe humo. Mwaka 2013 nafuu ile ikapunguzwa, bei ikapanda, na mauzo yakaporomoka vibaya. Mwezi Mei 2014 watu zaidi ya 60 wakafa katika Embu, Kiambu, Kitui na kwingineko kwa kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli. Sidai kwamba ushuru pekee ndio uliowaua, maana wauza sumu walikuwako tangu zamani. Lakini aliyemwondolea mtu bia halali iliyo karibu naye alijua, au alipaswa kujua, mtu huyo angeelekea wapi.

Hata sheria yenyewe hushika mahali palipo na mlango. Sheria ya vileo ya Kenya ya mwaka 2010, ile iliyozoeleka kwa jina la Mututho, mbunge wa wakati huo, iliamuru baa zifunguliwe saa 11 jioni na kufungwa saa 5 usiku katika siku za kazi, nazo baa zilipaswa kutii kwa kuwa zina leseni ya kunyang’anywa. Chupa iliyofichwa chini ya kitanda haina saa ya kufungwa, na mke anayeiogopa hana jirani wa kumwita kabla mambo hayajaharibika.

Siyasemi haya kwa kuzitakasa baa zetu zote. Zipo zenye vyoo visivyostahili kuingiwa na binadamu, na zipo zinazopiga muziki mpaka mgonjwa wa jirani akakosa usingizi. Kubwa kuliko yote ni dhulma anayotendewa mhudumu, binti ambaye aghalabu ametoka mkoani, hana mkataba, mshahara wake ni haba hata analazimika kuishi kwa hisani ya wateja, na kila mlevi hujiona ana ruhusa ya kumshika. Wanaoilaani baa humlaani na yeye, wakamwita malaya kabla hawajamjua jina, na kwa kumvunjia heshima hivyo humpa tajiri wake udhuru wa kumlipa kidogo.

Basi madiwani na maafisa wanaokaa kuamua leseni zetu, na wazee wa mtaa wanaoulizwa ushauri, waache kuuliza kama baa ina zulia na vioo. Waulize kama ina maji na choo, kama muziki wake unazimwa kwa saa iliyowekwa, kama mhudumu ana mkataba ulioandikwa na mshahara unaolipwa mwisho wa mwezi. Na mwenye baa akiyatimiza hayo, wampe leseni yake, viti vyake viwe vya plastiki au vya dhahabu.