Kijana, unahitaji pawaso au unataka tu kelele yake?

Kila mvua ndefu ikianza, huku kwetu Homa Bay na kule Migori kuna usiku mmoja ambao upepo hukosa adabu. Asubuhi unakuta tawi la mwembe juu ya mabati ya jikoni, au mkaratusi umelala kwenye ua wa jirani. Ndipo kila kijana mwenye kamshahara anajiambia: mwaka huu lazima ninunue pawaso.

Tulia kwanza, ndugu yangu. Kuchagua kati ya msumeno wa petroli na wa betri ni suala la pesa zako, na pia la mguu wako.

Mimi nilikurupuka. Zamu yangu ya chama ilipofika, nilinunua pawaso ya petroli ya mitumba. Nikaifikisha nyumbani Ndhiwa kwa boda, nikakata siala mmoja huku watoto wa boma wamenizunguka, nikajiona mtu mzima. Kisha ikakaa stoo miezi saba na mafuta ndani yake. Siku tawi lilipoangukia jiko la mama, nilivuta kamba ya kuwashia hadi bega likauma. Haikuguna hata kidogo. Baba akachukua shoka bila kusema neno.

Fundi alinieleza baadaye: petroli iliyochanganywa na oili ikikaa muda mrefu huharibika na kuacha utandu unaoziba kabureta. Kama unaitumia mara mbili kwa mwaka, kila ukimaliza mwaga mafuta yote, kisha iwashe iungurume hadi izime yenyewe. Pia lazima uchanganye kwa kipimo, mililita 20 hadi 40 za oili maalum kwa lita, kulingana na mashine. Ukibahatisha, unaua injini. Na petroli yenyewe, mwaka 2025 lita moja ilipita Sh170.

Sasa tazama betri. Betri ya volti 20 yenye ampea-saa 4 hubeba wati-saa 80. Hiyo ni chini ya sehemu ya kumi ya uniti moja ya stima. Huchanganyi chochote, huvuti kamba, unabonyeza tu. Kwa kupunguza matawi ya mwembe na kukata kuni za nyanya, inatosha kabisa.

Najua utasema, "Lakini stima yetu si unaijua?" Ni kweli. Upepo ule ule unaoangusha mti ndio unaoangusha nyaya. Lakini betri nzuri ya lithiamu ikijazwa hukaa na chaji kwa wiki nyingi, kwa hivyo ijaze kabla mvua haijaanza. Ile sola ndogo ya taa usiitegemee. Na usidanganyike kwamba betri moja itamaliza mkaratusi mnene. Haitamaliza.

Tena chunga vile visumeno vidogo vya bei ya kutupa vinavyouzwa mtandaoni. Namba kubwa ya volti kwenye boksi si ushahidi wa nguvu. Muulize muuzaji: betri ya ziada ipo? Inauzwa pekee? Betri huzeeka, na mashine isiyo na betri ni pambo.

Msimamo wangu ni huu. Kama unakata mbao au kuni za kuuza, nunua ya petroli, hiyo ni kazi yako. Kama ni matawi ya nyumbani mara chache kwa mwaka na mna stima, nunua ya betri. Kama ni mti mmoja mkubwa, au boma halina stima, usinunue chochote. Pita kwa chifu umweleze, kisha tafuta fundi mwenye pawaso sokoni Oyugis au Rongo, mwelewane bei. Yeye anajua mti utaangukia wapi. Wewe unakisia.

Na ukinunua, yoyote ile, usisahau oili ya cheni na tupa ya kunolea. Vaa viatu vigumu, glavu na miwani. Usikate juu ya mabega, wala usiguse mti kwa ncha ya msumeno. Hapo ndipo unaporuka na kukurudia usoni. Ya betri haina kelele nyingi, kwa hivyo watu huidharau kama kichezeo. Cheni yake inakata nyama sawasawa na ile nyingine. Na mti ukiwa umelalia waya wa stima, usiuguse. Waite Kenya Power.

Pawaso yangu bado iko stoo, kabureta imeshasafishwa. Kama unafanya kazi ya mbao huko Awendo, njoo tuelewane.