Nguo ya Karamu: Baba Alikuwa Wapi?



Kila mwaka, siku za kufunga shule zinapokaribia, huku kwetu Kipese husikika maneno yale yale. Wasichana wa mwaka wa mwisho wanataka kuweka kando blauzi nyeupe na sketi ya buluu, wapate nguo nzuri ya kuvaa kwenye karamu na dansi. Na Dominika inayofuata, baada ya Misa, akina baba hukusanyika mbele ya kanisa na kunung'unika: «Mmeziona nguo zile? Mabinti wa leo hawana haya!»

Basi, ndugu zangu, niwaulize neno moja. Nguo zile zilitoka wapi? Nani alizilipia? Nanyi mlikuwa wapi siku ya kuzinunua?

Nami nilikuwa mnung'unikaji kama ninyi. Desturi yangu ilikuwa kutoa feza kidogo na kusema: «Mambo ya nguo ni ya wanawake.» Lakini mwaka jana mke wangu aliugua siku zile, ikanipasa kuwapeleka mabinti wetu wawili Butembo mimi mwenyewe. Tulizunguka sokoni kutwa nzima. Kweli, nilichoka kuliko siku ya kuchimba viazi.

Mkubwa alipenda gauni moja lenye kumetameta. Nilikuwa tayari kufoka. Kabla sijafungua kinywa, mdogo aliligeuza gauni, akaonyesha mshono uliokwisha kufumuka kwa ndani. Mkubwa akalirudisha mwenyewe. Mbele kidogo mchuuzi akatuapia kwamba kikwembe chake ni waksi ya Uholanzi. Mdogo akakigeuza vilevile: upande mmoja rangi imekolea, upande wa pili imepauka. Waksi ya kweli hukolea pande zote mbili. Mwishowe tulinunua kikwembe kingine cha yadi sita, kisichojidai kutoka mbali, na mshonaji akatoa humo magauni mawili. Sikuhubiri hata neno moja. Lakini siku ile mabinti walijifunza thamani ya feza, nami nikajifunza kwamba mabinti wangu wana akili.

Tulipokuwa tukirudi, mkubwa akaniambia kwa sauti ndogo: «Baba, wenzetu wengine hawanunuliwi nguo nyumbani. Wananunuliwa na watu wazima wenye feza.» Hakusema zaidi. Usiku ule sikupata usingizi.

Hapo ndipo penye shauri lote. Urefu wa sketi si neno la kwanza. Neno la kwanza ni mkono uliolipa. Baba asipolipa, mwingine atalipa, naye hatoi bure. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 2006 yasema wazi: anayelala na mtoto asiyetimiza miaka 18 amefanya kosa la ubakaji, hata kama mtoto mwenyewe alikubali. Lakini sheria hufika baada ya msiba. Baba angeweza kutangulia.

Wengine watasema: «Dawa ni kukataza dansi na nguo hizo!» Dawa hiyo imekwisha kujaribiwa. Katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu iliwakataza wanawake wa Zaire kuvaa suruali na nywele za bandia. Huko Tanzania umoja wa vijana wa chama cha TANU ulipiga marufuku sketi fupi tangu Januari 1969, na wasichana wakasumbuliwa njiani. Leo amri hizo ziko wapi? Zimepita, suruali na sketi zimebaki. Amri yaweza kumvua msichana nguo; haiwezi kumpa busara ya kuchagua nyingine.

Wengine watasema: «Je, huu ni wakati wa dansi? Tangu mwaka wa 2014 ndugu zetu wa Beni wanauawa, na wakimbizi wako kati yetu.» Neno hili ni zito, wala silidharau. Karamu iwe ndogo, iishe kabla jua halijatua, na feza inayobaki imnunulie mtoto wa mkimbizi blauzi ya shule. Lakini msichana aliyemaliza shule katika miaka ya namna hii amefanya kazi kubwa. Kumfurahia si dhambi.

Na yule asemaye: «Sina feza»? Nenda naye na hicho kidogo ulicho nacho, umwambie ukweli ni kiasi gani. Msichana anayejua hesabu ya nyumba yake hadanganyiki upesi.

Wahenga walisema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii ni ya kweli, ila sisi akina baba tumejificha nyuma yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 28 Oktoba 1965, ulitangaza kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Haukusema akina mama peke yao.

Basi, ndugu yangu, kabla shule haijafungwa mwaka huu, fuatana na binti yako mpaka sokoni. Utachoka, utangoja, utaulizwa mambo usiyoyajua. Na Dominika, mbele ya kanisa, wenzako watakapoanza kunung'unika, wewe utajua nguo ya binti yako ilitoka wapi.